Jeni Haijidhihirishi: Udhihirishaji wa Jeni katika Uumbikaji wa Mfumo wa Neva wa Nzi wa Matunda

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi jeni zinavyodhihirishwa wakati mfumo wa neva wa nzi wa matunda unapoumbika ndani ya yai. Hoja kuu ni kwamba jeni haijidhihirishi yenyewe. Hudhihirishwa na protini zinazoishika, mahali maalumu na kwa wakati maalumu. Aidha, makala yanaonyesha kwamba mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili unatulazimu kulitamka wazi jambo hili, na kwamba uteuzi wa istilahi si suala la mapambo bali ni sehemu ya kuielewa sayansi yenyewe.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vyetu hukabiliwa mara kwa mara na dai kwamba lugha hii inafaa ushairi, siasa na mahubiri, ila ikifikishwa maabarani hupigwa na bumbuazi. Nchini Kenya dai hili hupata nguvu kwa sababu somo la biolojia hufundishwa kwa Kiingereza tangu shule ya upili hadi chuo kikuu. Dai kama hili halijibiwi kwa hamaki, wala kwa orodha ndefu ya istilahi ambazo hakuna azitumiaye. Hujibiwa kwa kuitwaa mada ngumu, kuieleza kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, na kutazama ni wapi lugha inakwama na ni wapi inatuauni.

Mada tuliyoiteua inatokana na swali lililowashughulisha wanabiolojia kwa muda mrefu. Takribani kila seli ya mwili wa nzi ina jeni zile zile. Seli inayouamuru msuli wa mguu, seli inayoinusa ndizi iliyoiva na seli ya utumbo zote zimerithi maandishi mamoja. Iweje basi seli hizi zitofautiane kwa umbo na kwa kazi? Jibu, kwa ufupi, ni kwamba tofauti haitokani na jeni ambazo seli inazo, bali na jeni ambazo seli inazisoma, mahali ilipo na wakati inapozisoma. Sehemu zinazofuata zinalifafanua jibu hilo hatua kwa hatua.

2.0 Nzi Anayezungumziwa

Kwanza tuondoe utata wa jina. Mkulima wa maembe anaposema nzi wa matunda, aghalabu huwa anamaanisha wadudu wa familia ya Tephritidae wanaotoboa tunda na kutaga ndani yake. Mmoja wao ni Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa nchini Kenya mwaka 2003 na kuwatia wakulima hasara kubwa. Huyo siye tunayemzungumzia. Nzi wa wanasayansi ni Drosophila melanogaster wa familia ya Drosophilidae, mdudu wa urefu wa milimita 3 hivi. Ndiye yule azungukaye ndizi zilizopitiliza kuiva na kibuyu cha mgema chenye tembo lililochacha. Asili yake ni Afrika kusini ya Sahara, na kutoka huku amesambaa duniani kote akimfuata binadamu na vyakula vyake.

Umaarufu wake wa kisayansi ulianzia New York. Mwaka 1910, katika Chuo Kikuu cha Columbia, Thomas Hunt Morgan alimwona nzi dume mwenye macho meupe miongoni mwa wenzake wenye macho mekundu. Kutokana na uzao wake, Morgan alithibitisha kwamba jeni zimebebwa na kromosomu, na mwaka 1933 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Mwanafunzi wake Alfred Sturtevant alichora ramani ya kwanza ya jeni mwaka 1913.

Sababu za kumteua mdudu huyu ni nyepesi kueleweka. Kwa joto la nyuzi 25 za Selsiasi, yeye hukua kutoka yai hadi utu uzima kwa siku 10 hivi. Ana jozi 4 tu za kromosomu. Maandishi yake ya kijeni yalichapishwa mwaka 2000 na yakaonyesha ana jeni zipatazo 14,000 zinazounda protini, ilhali binadamu ana 20,000 hivi. Ubongo wake ni mdogo kiasi cha kuweza kuchorwa wote. Oktoba 2024 ilichapishwa ramani kamili ya ubongo wa nzi jike mzima, yenye seli za neva 139,255 na viungio vipatavyo milioni 50 kati yake. Hata hivyo, ramani hiyo inatuonyesha nyumba iliyokwisha kujengwa. Swali letu ni la ujenzi.

3.0 Kurudufu, Kunakili, Kutafsiri na Kudhihirisha

Msomi wa lugha akiingia katika elimu ya jeni hujikuta nyumbani, kwa kuwa wanabiolojia waliazima sitiari zao kutoka kwa wanaisimu na makarani. DNA husemwa kuwa ina herufi 4, yaani A, C, G na T. Herufi hizo husomwa tatu tatu, na vikundi 64 vinavyopatikana hutosha kutaja aina 20 za asidi amino zinazounda protini, na pia kuonyesha mahali pa kukomea.

Katika mfumo huu kuna matendo matatu yanayopaswa kutenganishwa. La kwanza ni kurudufu: seli inapokaribia kugawanyika, DNA yote hutolewa nakala kamili ili kila seli-binti ipate yake. La pili ni kunakili: kipande kimoja tu cha DNA, yaani jeni moja, hunakiliwa kuwa RNA. Hapa alfabeti ni karibu ile ile, isipokuwa U huchukua nafasi ya T, na kwa hiyo neno kunakili linafaa. La tatu ni kutafsiri: ujumbe wa RNA hugeuzwa kuwa mfuatano wa asidi amino. Hapa mfumo wa alama umebadilika kabisa, na ndiyo maana tunasema kutafsiri wala si kunakili. Anayetumia neno moja kwa matendo yote matatu atamchanganya mwanafunzi tangu somo la kwanza.

Linabaki neno la nne, ambalo ndilo kiini cha makala haya. Jeni inaponakiliwa na zao lake likaonekana katika seli, tuseme imefanya nini? Wapo wanaoelekea kusema usemi wa jeni. Istilahi hiyo ina kasoro kwa sababu humfanya msikilizaji afikiri kwamba jeni ni mnenaji anayeamua lini aseme. Kitenzi dhihirika kinafaa zaidi, lakini kauli ya kutendeka hutaja hali bila kumtaja mtenda. Tunaposema siri imedhihirika, hatujui ni nani aliyeitoa. Kitenzi dhihirisha, chenye kiambishi cha kusababisha, kinadai mtenda. Siri ikidhihirishwa, pana aliyeidhihirisha. Kwa sababu hiyo tunapendekeza udhihirishaji wa jeni, tukielewa kwamba jeni ni mtendwa, kama ilivyo siri katika udhihirishaji wa siri.

Je, mtenda ni nani? Ni protini dhibiti. Hizi ni protini zinazoshika sehemu maalumu za DNA zilizo karibu na jeni au hata mbali nayo, ambazo tutaziita maeneo ya udhibiti. Zikilishika eneo hilo, kimeng'enya kinachonakili hualikwa au huzuiwa. Na kwa kuwa protini dhibiti zenyewe ni zao la jeni nyingine, ambazo nazo zilidhihirishwa na protini zilizozitangulia, huu ni mnyororo. Hapa ndipo sitiari ya maandishi inapofikia kikomo. Msomaji wa kitabu yuko nje ya kitabu, lakini msomaji wa DNA ameandikwa ndani ya DNA hiyo hiyo.

4.0 Suala la Mahali

4.1 Mama aanzaye kusema

Ikiwa kila protini dhibiti ilitanguliwa na nyingine, mnyororo unaanzia wapi? Unaanzia kwa mama. Kabla yai halijatagwa, nzi jike huweka ujumbe wa RNA wa jeni iitwayo bicoid kwenye ncha moja ya yai, ile itakayokuwa kichwa. Baada ya utungisho ujumbe huo hutafsiriwa, na protini yake husambaa. Huwa nyingi kichwani na kupungua kadiri tunavyoelekea mkiani. Mwaka 1988 Wolfgang Driever na Christiane Nüsslein-Volhard walionyesha kwamba kupungua huku ndiko kunakokieleza kiini cha kila seli mahali kilipo.

Jambo hili huwezekana kwa sababu ya upekee wa kiinitete cha nzi. Katika migawanyiko 13 ya mwanzo, viini huongezeka bila kuta za seli kujengwa kati yake. Hupatikana viini vipatavyo 6,000 ndani ya chombo kimoja, na protini hupita baina yake pasi na kizuizi. Pale ambapo Bicoid ni nyingi vya kutosha, hushika eneo la udhibiti la jeni hunchback, na jeni hiyo ikanakiliwa. Nusu ya mbele ya kiinitete ikawa na protini ya Hunchback. Nusu ya nyuma ina jeni hiyo hiyo, lakini haijaidhihirisha kwa njia hiyo kwa kuwa Bicoid haikuifikia ya kutosha. Tofauti hiyo haikutoka ndani ya jeni ya hunchback. Ilitoka nje yake.

Jeni nyingi za mnyororo huu zilitambuliwa na Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus mjini Heidelberg, Ujerumani. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1980, na mwaka 1995 wakashiriki Tuzo ya Nobel pamoja na Edward B. Lewis wa Marekani.

4.2 Mafahali wawili hawakai zizi moja

Muda wa saa 4 hivi baada ya yai kutagwa, ukanda wa seli ulio upande wa tumbo wa kiinitete huanza kutoa seli-shina za neva. Kutoka kwa seli-shina hizi utapatikana mfumo mkuu wa neva. Katika kila nusu ya pingili ya mwili hutokea seli-shina 30 hivi, zikiingia ndani kwa mawimbi matano.

Seli-shina huteuliwa kwa utaratibu ambao ungemfurahisha mtu yeyote aliyewahi kushuhudia uchaguzi. Kwanza, kikundi cha seli 5 au 6 hudhihirisha jeni za jamii ya achaete na scute, ambazo huipa seli uwezo wa kuwa ya neva. Wote katika kikundi wanastahili, na kwa hivyo wote ni wagombea. Kila seli ina protini iitwayo Delta juu ya utando wake, ambayo hugusa protini iitwayo Notch iliyo juu ya utando wa jirani. Notch ikiguswa, hutuma kipande chake hadi kwenye kiini, na jeni za ugombea hudidimizwa. Seli yenye Delta nyingi kidogo kuliko wenzake huwanyamazisha. Nao wakinyamaza, Delta yao hupungua, na aliyekuwa amewazidi kidogo akawazidi sana. Mwisho hubaki mmoja, naye huingia ndani kuwa seli-shina ya neva. Waliobaki huwa ngozi.

Ushahidi wa hayo ni wa kutisha. Donald Poulson alionyesha, katika uchunguzi wa miaka ya 1930 na 1940, kwamba kiinitete kisicho na Notch hujaa seli za neva na kukosa ngozi upande wa tumbo, kisha hufa. Kila mgombea alishinda, na mwili ukakosa wa kuufunika. Tunajifunza hapa kwamba kuzuia udhihirishaji ni kazi yenye uzito sawa na kuuanzisha.

5.0 Suala la Wakati

Mahali pekee hapatoshi kueleza wingi wa aina za seli za neva. Seli-shina 30 za nusu ya pingili huzaa mamia ya seli, na ndugu waliozaliwa na mama mmoja hutofautiana. Kinachowatofautisha ni zamu ya kuzaliwa.

Seli-shina hugawanyika bila usawa. Binti mmoja hubaki kuwa seli-shina kama mama. Binti wa pili, mdogo, hugawanyika mara moja zaidi na kuzaa seli mbili, ambazo huwa seli za neva au seli saidizi. Kabla ya mgawanyiko, protini ya Prospero husukumwa upande mmoja wa seli, na hivyo kurithiwa na binti mdogo pekee. Ndani ya kiini cha binti huyo huzima jeni za ushina na kuchochea jeni za ukomavu. Hivyo basi urithi hapa si wa jeni, kwani hizo mabinti wote wawili wamepata sawa. Ni urithi wa msomaji wa jeni.

Wakati huo huo, seli-shina yenyewe hupitia mfululizo. Mwaka 2001, Takako Isshiki, Chris Doe na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walieleza kwamba seli-shina nyingi za kiinitete hudhihirisha protini dhibiti kwa utaratibu ufuatao: Hunchback, kisha Krüppel, kisha Pdm, kisha Castor. Seli inayozaliwa zamu ya Hunchback huihifadhi protini hiyo, na kadhalika kwa zinazofuata. Ni kama watoto waliopewa majina kwa kufuata msimu wa kuzaliwa: wa Masika, wa Kiangazi, wa Vuli. Jina hilo huandamana nao maishani.

Mfano uliochunguzwa kwa kina ni wa seli-shina inayojulikana kama 7-1. Seli tano za kwanza za neva inazozaa kwa ajili ya kuamuru misuli huitwa U1 hadi U5. U1 na U2 huzaliwa zamu ya Hunchback, U3 zamu ya Krüppel, U4 zamu ya Pdm na U5 zamu ya Castor. Watafiti walipoiondoa hunchback, U1 na U2 hazikuonekana. Walipoilazimisha seli-shina kuendelea kuidhihirisha hunchback bila kukoma, ilizaa U1 nyingi, zamu baada ya zamu, kama kwamba saa imesimama.

Msomaji makini atauliza: si hunchback hii hii tuliyoiona ikipanga sehemu ya mbele ya kiinitete? Ndiyo, ni hiyo hiyo. Lakini katika seli-shina haidhihirishwi tena na Bicoid. Jeni moja inaweza kuwa na maeneo ya udhibiti zaidi ya moja, na kila eneo likasikiliza protini tofauti. Wanaisimu wanaijua hali hii. Neno kaa lina maana yake katika kauli "kaa chini" na nyingine katika "kaa la moto", na muktadha ndio unaoamua. Tofauti ni kwamba katika jeni zao ni protini ile ile. Kinachobadilika ni kazi inayotumwa.

Kuna jambo jingine la kushangaza. Hunchback huzimwa kwa msaada wa protini iitwayo Seven-up. Baadaye, hata mtafiti akiirudisha kwa nguvu, hufika wakati ambapo seli-shina 7-1 haiwezi tena kuzaa U1. Mwaka 2013 Minoree Kohwi, Doe na wenzao walionyesha sababu mojawapo: ndani ya kiini, jeni ya hunchback huhamishwa hadi ukingoni, karibu na utando, mahali ambapo jeni hunyamazishwa. Walipouzuia uhamisho huo, muda wa uwezo uliongezeka. Wahenga walisema udongo uupate uli maji. Seli-shina nayo ina kipindi chake cha umajimaji, na kipindi hicho kina mwisho unaoweza kuonekana kwa hadubini.

Mfululizo wa aina hii haukuishia kwa nzi. Mwaka 2008 watafiti nchini Kanada walionyesha kwamba Ikaros, jeni ya panya iliyo na undugu na hunchback, husaidia kutoa seli za zamu za mapema katika retina ya jicho. Hii ni sababu mojawapo ya kumheshimu mdudu wa kibuyu cha tembo. Anayoyafichua yanahusu wanyama wengine, binadamu akiwamo.

6.0 Jeni Moja, Maumbo Maelfu

Baada ya kuzaliwa, seli ya neva huchipua matawi yanayotafuta wenzake wa kuungana nao. Tawi linapaswa kujua ndugu yake wa seli moja ili limkwepe, yasije yakafumana yenyewe kwa yenyewe. Kila seli inahitaji kitambulisho. Je, jeni 14,000 zitatoa wapi vitambulisho vya kutosha?

Mwaka 2000 lilichapishwa jibu linalohusu jeni Dscam1. Ujumbe wa RNA unaponakiliwa hukatwa vipande, na baadhi ya vipande huunganishwa kuwa ujumbe kamili. Dscam1 ina nafasi nne ambazo seli hulazimika kuteua kipande kimoja tu kati ya vingi. Nafasi ya kwanza ina vipande 12 vya kuteuliwa, ya pili 48, ya tatu 33 na ya nne 2. Zidisha 12 kwa 48 kwa 33 kwa 2 upate 38,016. Jeni moja inaweza kutoa maumbo ya protini yanayozidi idadi ya jeni zote za nzi huyo.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili muundo huu si mgeni hata kidogo. Kitenzi chetu kina nafasi zinazojazwa kwa uteuzi. Tuchukue mzizi -som-, nafsi 6 na viambishi 4 vya njeo: -na-, -li-, -ta- na -me-. Tunapata maumbo 24: ninasoma, ulisoma, atasoma, tumesoma na mengineyo. Tukiongeza nafasi ya mtendwa na ile ya mnyambuliko, idadi huruka juu. Hatujaongeza mizizi, tumeongeza nafasi. Vivyo hivyo seli ya neva. Kila moja hupata mkusanyiko wake mdogo wa maumbo ya Dscam1, na matawi mawili yenye mkusanyiko ule ule yakigusana hutambuana na kukwepana. Mwalimu anayetaka kulifundisha jambo hili kwa Kiswahili hana haja ya kutafuta mfano mbali. Mfano umo katika sarufi anayoitumia kusemea.

7.0 Haya Yanajulikanaje?

Udhihirishaji hauonekani kwa macho matupu. Njia moja ni kutengeneza kipande cha RNA au DNA kinacholingana na ujumbe unaotafutwa, kukitia alama ya rangi, kisha kukiloweshea kiinitete. Kipande hushikamana na ujumbe popote ulipo, na rangi ikaonyesha mahali. Njia ya pili hutumia kingamwili zinazoshika protini yenyewe. Ya kwanza huonyesha kwamba jeni imenakiliwa, na ya pili kwamba ujumbe umetafsiriwa. Tofauti ya istilahi tuliyoisisitiza katika sehemu ya tatu ni tofauti ya kazi maabarani.

Mwaka 1993 Andrea Brand na Norbert Perrimon walichapisha mbinu ya kuidhihirisha jeni yoyote katika seli zilizoteuliwa kwa kutumia protini dhibiti ya hamira iitwayo Gal4. Kwa mbinu hiyo mtafiti huweza kuuliza: itakuwaje jeni hii ikidhihirishwa mahali pasipo pake? Siku hizi ujumbe wa RNA wa seli moja moja huweza kusomwa. Mwaka 2022 ilichapishwa atlasi ya nzi mzima iliyosoma viini zaidi ya 580,000.

8.0 Majina ya Jeni: Yatafsiriwe?

Tunamalizia kwa tatizo la mfasiri. Hunchback kwa Kiingereza ni mwenye kibyongo. Krüppel ni neno la Kijerumani la kumtaja mlemavu kwa dharau. Notch ni pengo. Je, tuseme jeni ya kibyongo?

Tunapendekeza yasitafsiriwe, kwa sababu tatu. Kwanza, majina haya ni vitambulisho vya kimataifa, na mwanafunzi atayahitaji katika maandishi ya lugha yoyote. Pili, yana mtego wa maana. Tangu enzi ya Morgan, jeni hupewa jina kutokana na kinachotokea inapokosekana. Jeni iitwayo nyeupe, kwa mfano, ndiyo inayohitajika ili jicho liwe jekundu. Kiinitete kisicho na hunchback hukosa sehemu za kifua. Jeni yenyewe haileti kibyongo. Jina ni la pengo, wala si la kazi. Tukilitafsiri tutamfanya msomaji aamini kinyume cha ukweli. Tatu, baadhi ya majina yana matusi ambayo hatuna sababu ya kuyapa uraia wa Kiswahili. Kinachopaswa kutafsiriwa ni maelezo ya kazi ya jeni, si jina lake.

9.0 Hitimisho

Tumeona kwamba mfumo wa neva wa nzi haujengwi kwa kila seli kupewa jeni zake za pekee. Hujengwa kwa jeni zile zile kudhihirishwa mahali tofauti, kama Bicoid ilivyotuonyesha. Kuzuiliwa kati ya majirani, kama ilivyokuwa kwa Notch na Delta. Kufuatana kwa zamu, tangu Hunchback hadi Castor. Na kuunganishwa kwa namna nyingi, kama katika Dscam1. Katika kila hatua mtenda alikuwa nje ya jeni iliyotendwa. Wanaosema kwamba jeni fulani huamua tabia fulani, wakakomea hapo, wanalitumia neno huamua bila kumtaja anayeiamulia jeni yenyewe.

Kuhusu lugha, tuliyokuwa tukiyahitaji tuliyapata: kurudufu, kunakili, kutafsiri, kudhihirisha, kuzuia, zamu, nafasi. Pale tulipokopa, kama katika jeni, protini na kromosomu, tulikopa majina ya vitu. Uhusiano baina ya vitu tulieleza kwa vitenzi vyetu, na ni katika vitenzi ndimo sayansi hii ilimo. Wanafunzi wa Kiswahili wanaokaa meza moja na wenzao wa biolojia wana kazi ya kufanya, nayo haingojei kamati.

Maswali ya Mjadala

1. Tofautisha udhihirikaji wa jeni na udhihirishaji wa jeni kwa kuzingatia mnyambuliko wa vitenzi. Ni katika muktadha upi istilahi ya kwanza ingefaa?
2. Eleza kwa nini seli mbili zenye DNA sawa huweza kuwa na hatima tofauti. Tumia mfano wa seli-shina 7-1.
3. Sitiari ya maandishi inasaidia wapi na inapotosha wapi katika kueleza kazi ya jeni?
4. Teua kitenzi kimoja cha Kiswahili, orodhesha nafasi zake za uambishaji, kisha kadiria idadi ya maumbo yake. Linganisha na Dscam1.